Masika ya Pua Nyeusi

Jumamosi, 5 Aprili

Kwa jina la Mola naanza, na asiyependa maneno yangu afunge daftari. Daftari lenyewe si langu, ni la mjukuu wangu Tuhfa, lina picha ya maua juu na mapishi ya keki ndani. Amenipa leo kabla hajafungiwa ndani kwa uwali. Kasema, "Babu, yale unayowasema watu barazani yaandike humu, dhambi zipungue." Mimi nimesoma hadi darasa la nne, la tano nililiona dirishani. Herufi zangu zinakwenda kama kuku aliyekunywa tembo, ila zinafika.

Tuhfa ni mwana wa marehemu mwanangu, nimemlea tangu hajaota meno. Ijumaa ya mwisho ya Mei namwozesha, inshallah, na mimi ndiye walii wake. Mume ni Fadhil, kijana wa ofisini Raskazone, mwenye viatu vya ncha. Kwa desturi yetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, kwa hiyo Fadhil ni mwizi wangu, na simpendi kama mtu asivyompenda mwizi wake.

Bibi yake, Asmahani, mke wangu, Mpemba kama mimi, kasema mwali atawekwa ndani kama zamani, na wiki za mwisho atasuguliwa singo mpaka ang'ae. Hapo sina neno. Neno langu liko kwa msuguaji. Kamchukua Hasina.

Hasina ni mtalaka wangu. Tuliachana zamani, Asmahani hajalijua hata jina langu. Sasa anakaa mtaa wa pili hapahapa Chumbageni, na hakuna mwanamke mji huu anayetwanga singo kama yeye. Nikamwambia Asmahani, "Tanga nzima umemkosa mwingine?" Kajibu, "Nataka fundi, Badru. Historia yako kaa nayo."

Wazee walisema mtalaka hatongozwi. Kama anaaminika, hawakusema.

Jumapili, 6 Aprili

Nimekwenda kwa maalim, nimerudi na kombe. Aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji. Mwali kanywa funda, yaliyobaki nimeyagawa kwenye bakuli, nikaziweka pembe zote za chumba chake, na moja kubwa nyuma ya mlango, anapopita Hasina. Nimewaambia wote: maji haya hayamwagwi. Yana maneno ya Mungu, hayawezi kwenda kwenye mtaro watu wakayakanyaga. Yakae mpaka ndoa ipite.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Kahawa yangu ya kuuza haikununuliwa. Mbu wanauma adhuhuri kama hawajaambiwa kuwa kazi yao ni usiku.

Jumatatu, 14 Aprili

Tuhfa ana homa. Mwili moto, viungo vinamuuma hata kikombe hakishiki. Nikasema apelekwe zahanati. Asmahani akanirukia: "Mwali anatoka nje kabla ya harusi? Na akiwa mgonjwa? Mama yake Fadhil akisikia?" Basi homa ya mwali haitangazwi. Tumemnunulia vidonge vya maumivu dukani, mtu akiuliza tunasema kalala.

Nimechungulia bakuli. Maji yako palepale. Ila Hasina alikuja juzi kupima mkono wa mwali, apate kujua singo ya kutwanga. Akamshika mkono. Nimelikumbuka hilo.

Ijumaa, 18 Aprili

Sasa ni mimi. Homa imenikunja kama kamba aliyetiwa mafutani. Asmahani ananiambia, "Wewe kila mwali akipata kitu nawe unataka."

Jumatano, 23 Aprili

Nimeamka. Msikitini nimekwenda rukuu, kiuno kikakataa kurudi. Imamu kasali, kamaliza, mimi bado natazama mkeka. Tuhfa naye kapata nafuu, homa imekwisha. Alhamdulillahi. Tumesema tusiseme.

Jumapili, 27 Aprili

Mdomo wangu umeota vidonda ndani, mashavuni na chini ya ulimi. Pilipili siwezi, ndimu siwezi, kahawa yangu mwenyewe siwezi. Muuza kahawa asiyeonja kahawa ni sawa na mnafiki wa kawaida, lakini huyu anaungua.

Nikakaa nikafikiri. Alhamisi Hasina alileta maua yake ya kukausha, nikampa kikombe, akasema haina tangawizi, akatia yake kutoka kwenye pindo la kanga. Akanirudishia nikaonja. Nikaonja mimi Badru, mwenye akili zangu!

Halafu kuna jambo jingine, naliandika kwa sababu daftari halina mdomo. Kule chini, mahali ambapo mtu hamtajii hata daktari, nako kumeota vidonda. Si vingi. Lakini mahali penyewe si pakubwa.

Jumatatu, 28 Aprili

Asmahani ameviona. Nilikuwa natoka kuoga, shuka likanisaliti.

"Badru. Hivyo umevitoa wapi?"

"Vimekuja vyenyewe."

"Vitu hivyo haviji vyenyewe, huletwa. Hasina anaingia humu ndani tangu Idi ipite, nawe leo una vidonda vya ujana!"

"Mke wangu, mimi nikipanda kitanda napumzika njiani. Nguvu za kwenda mtaa wa pili nizipate wapi?"

Hakucheka. Zamani angecheka. Nimehamishiwa barazani, mimi na jiko langu la mkaa. Yeye anamshuku Hasina kwa lake, mimi namshuku kwa langu. Mara ya kwanza kwa miaka mingi tumekubaliana juu ya kitu.

Nikamuuliza, basi kwa nini usimfukuze? Kasema, "Singo yake ni nzuri."

Jumamosi, 3 Mei

Singo imeanza. Liwa, waridi kavu, mapachori, karafuu za kwetu Pemba. Nyumba inanukia mpaka paka amekuwa na adabu. Vidonda vyangu vimepona, vya juu na vya chini. Asmahani hajanirudisha ndani.

Alhamisi, 8 Mei

Leo nimesikia ukelele chumbani kwa mwali, nikaingia bila hodi.

Pua ya Tuhfa imekuwa nyeusi. Tuhfa ni maji ya kunde, na pua yake, kuanzia katikati hadi ncha, imepakwa kiza kama mtu aliyechungulia chungu. Wamemwosha kwa sabuni, kwa maziwa, kwa limau. Haitoki. Asmahani kasema jana aliona kivuli akadhani ni singo haijasuuzwa.

Tuhfa alikuwa amekaa kwenye mkeka, kioo mkononi, halii. Ni afadhali angelia. Kasema, "Babu, Fadhil atanionaje?"

Nikainama nikaichungulia tena.

Hasina alisimama kando, mikono imejaa singo, akasema, "Hii si singo yangu. Nimesugua mabinti kabla mama yake huyu hajazaliwa." Nani kamuuliza? Asiyeulizwa akajibu, anajibu kesi.

Ijumaa, 9 Mei

Asmahani amekusanya vioo vyote vya nyumba, hata kile kidogo changu cha bafuni chenye ufa, kavifungia sandukuni Tuhfa asijitazame. Mimi nimeongeza bakuli za kombe. Sasa huwezi kuingia kwa mwali bila kuinua miguu kama korongo.

Jumatatu, 12 Mei

Uchunguzi. Nimeiba donge la singo, nikaenda uani kwa beberu mweupe tuliyemnunua kwa pilau ya harusi, nikamsugua pua vizuri, na kwa kuwa lilibaki, na shingo.

Jumatano, 14 Mei

Beberu hana hata doa. Ananukia kama bibi harusi, na mbuzi wa jirani wanamtazama kwa heshima. Kwa hiyo nimejua: Hasina ana kitu kisichoshika mbuzi.

Alhamisi, 15 Mei

Watu wanacheka. Nimepita na dele langu la kahawa kituo cha bodaboda, wakanyamaza, nilipopita wakacheka. Mmoja akauliza, "Mzee, leo mkaa umekunywa au umebeba?" Kinyozi wangu Kombo naye, anayenyolea chini ya mti bila kioo, akininyoa ndevu amenifuta pua kwa kitaulo, akafuta tena, akanitazama, akaacha. Najua maana yake. Habari za mwali zimetoka. Kazitoa nani? Wanaoingia chumbani ni watatu.

Nimerudi nyumbani, Asmahani hata hajaninyanyulia macho. "Nawa uso, una masizi." Kila siku nawa uso, nawa uso. Muuza kahawa atakuwa na unga?

Jumamosi, 17 Mei

Nilisema habari zimetoka. Bi Wanu, mama yake Fadhil, amekuja bila taarifa, amevaa buibui la kwendea msibani. Asmahani akasema mwali kalala. Bi Wanu akasema, "Namwamsha." Akaingia, akaruka bakuli zangu, akatoka muda si muda.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningemweza. Alikunywa maji, akasema kwa upole, "Mzee Badru, nimeambiwa mtoto aliugua, mkanificha. Leo naona uso wake una alama. Kesho nitaambiwa nini? Labda kajipaka mikorogo, labda ana ugonjwa mkubwa, sijui. Mimi nina mtoto mmoja. Tuvute subira kwanza na hiyo Ijumaa."

Kuvuta subira maana yake naijua. Kamba ya subira ikivutwa sana hukatikia upande wa mwanamke. Harusi ikiahirishwa na upande wa mume, mwali ametolewa kwenye mkeka, nani atamposa tena mji huu wenye masikio?

Tuhfa alisikia yote, ukuta wetu ni mwembamba. Nilipoingia alikuwa ameuelekea ukuta. Nikamtania, "Mke wangu, mwizi kakimbia, tumebaki mimi na wewe." Hakugeuka. Akasema, "Babu, leo usinitanie."

Nimeandika hii sentensi peke yake kwa sababu hajawahi kuniambia hivyo.

Jumapili, 18 Mei

Mvua kutwa. Nimefikiri kutwa. Kila nikifikiri nafika mlango uleule.

Jumanne, 20 Mei

Leo nimekwenda mtaa wa pili. Nimevaa kanzu na kofia, fimbo mkononi, nikasubiri wakati wa alasiri, mabaraza yamejaa, kila mtu asikie. Hasina alikuwa mlangoni kwake anachambua waridi kavu.

Nikasimama barabarani nikasema, "Hasina! Mimi na wewe tuliachana kwa heri au kwa shari?"

Akasema, "Kwa usingizi. Ulikuwa unakoroma. Karibu."

Watu wakacheka. Nikapandisha sauti. Nikasema umemharibu mjukuu wangu. Singo yako imemtia pua nyeusi, kahawa yako ikanitia vidonda mdomoni, na pengine kwingine nisikotaja. Mimi niliyeoa mwingine ndiye uliyenilenga, na mwali ukampiga njiani. Nikasema mengi. Maneno yalikuwa matamu kinywani, naungama hilo, niliyapika kwa wiki nzima.

Hasina aliacha waridi. Mwanzo alikasirika. Halafu akanitazama. Akasogea, akanitazama tena, akainamisha kichwa kama mtu anayesoma kibao cha duka.

"Badru, umekuja na masizi puani au ndivyo ulivyo siku hizi?"

"Usinitoe kwenye maneno."

Akaingia ndani, akarudi na kitambaa chenye maji na kioo. Hakunigusa, ana adabu zake, alinirushia kitambaa. "Futa."

Nikafuta.

"Futa tena."

Nikafuta mpaka ngozi ikawaka. Akaninyooshea kioo. Tangu vioo vyetu vifungiwe sandukuni sijajiona. Nikajiona. Pua yangu, kuanzia katikati hadi ncha, ni nyeusi kama ya Tuhfa. Ileile. Ungedhani tumechovya kwenye chungu kimoja.

Baraza zote zikageuka. Hata mwenye karanga aliacha kuita.

Hasina akasema, polepole, kila mtu asikie: "Sasa niambie, baba. Wewe nani alikusugua singo?"

Sijawahi kuchekwa hivyo. Walicheka mpaka mama mmoja akakaa chini. Nami, nikiwa katikati ya kicheko hicho, nilihesabu: mimi homa, yeye homa. Mimi viungo, yeye viungo. Pua, pua. Singo hakuna. Ila vidonda alinizidi kwa kutovipata, au hakusema.

Hasina hakucheka na wengine. Alisema, "Mtoto huyo mlimpeleka hospitali?"

Nikasema, mwali hatoki nje.

"Badru, nyinyi ni wajinga wawili mliooana." Akavaa buibui.

Jumatano, 21 Mei

Tumepanda bajaji, mimi, Asmahani, Hasina, na Tuhfa kajifunika gubigubi. Asmahani na Hasina walikaa magoti yanagusana, hawakusemezana, ila bajaji ilipoyumba walishikana.

Daktari ni binti wa Kilutheri kutoka upande wa Muheza, anaitwa Kristina. "Shikamoo babu. Shikamooni bibi." Bibi wawili wakaitika marahaba kwa pamoja, nikapenda.

Alitutazama pua chini ya taa, mmoja mmoja, halafu wote pamoja. Akauliza kuhusu homa. Asmahani akaanza, "Homa haikuwepo..." Hasina akamkanyaga mguu. Basi tukasema.

Daktari kasema, kwa anayoyaona, ni homa ya virusi, chikungunya, jina la Kimakonde, la kujikunja. Kipimo pale hawana na siku zimepita, ila dalili zinaelekea huko. Wengi hupata homa na viungo, wakapona. Wachache ngozi hubadilika rangi, hasa puani, wiki kadhaa baada ya homa kuondoka, ukiwa umeshaisahau. Wachache zaidi hupata vidonda vya mdomo.

Nikakohoa. "Na... pengine?"

"Na sehemu za siri pia, babu. Hutokea. Si zinaa."

Nikamgeukia Asmahani taratibu kama mfalme. Akatazama dari.

Tuhfa akauliza swali lake, sauti ndogo: itatoka? Daktari kasema itafifia yenyewe, huenda ichukue miezi, ajikinge na jua, asijipake dawa za kuchubua. Na haipiti mtu kwa mtu, si kwa kukaa pamoja wala kwa ndoa. Hupitishwa na mbu. "Si yule wa usiku. Huyu ana madoa meupe miguuni, anauma mchana, na huzaa kwenye maji safi yaliyotuama karibu na watu. Nyumbani kuna ndoo, chungu, bakuli zilizokaa na maji?"

Wanawake watatu wakanitazama.

Alhamisi, 22 Mei

Nimepiga magoti chumbani kwa mwali na tochi. Nimechungulia bakuli ya nyuma ya mlango. Viluwiluwi vinacheza humo kama watoto wa chuoni wakati wa mapumziko. Bakuli ya pembeni, vivyo hivyo. Zote.

Mwali hukaa ndani mchana kutwa, chandarua tunamshushia usiku. Nami nimemzungushia vitalu vya mbu pande zote, nikakataza visimwagwe.

Nimekwenda kwa maalim na hofu yangu. Alisikiliza, akashika ndevu. "Nilikupa ya kunywa, Badru. Nani alikwambia uyafuge?" Kasema yamwagwe chini ya mti, mahali pasipokanyagwa. Nimeyamwaga kwenye shina la mwasumini uani, bakuli moja baada ya moja. Maneno ya Mungu hayana kosa. Nilitaka kumzuia Hasina mlangoni, nikamkaribisha mbu kitandani.

Jumamosi, 24 Mei

Raskazone, kwa Bi Wanu. Sikunawa uso, ingawa hata ningenawa isingetoka. Nimekaa kwenye kochi lake jeupe, nikamwambia, "Tazama pua hii. Kama ya Tuhfa ni ya mkorogo, nami najichubua. Kama ni ya ugonjwa wa aibu, mwulize Asmahani miezi hii nimelala wapi. Na vidonda nilikuwa navyo, makovu nitamwonyesha mzee wako ukitaka ushahidi."

"Astaghafirullah, Mzee Badru!" Lakini mdomo ulimcheza. Nikamweleza ya daktari yote, na ya bakuli, nisijifiche. Homa tuliificha, nikasema, kwa kuogopa uso huu ulionao sasa.

Akasema lake ni kwamba hakupenda kufichwa, na Fadhil mwenyewe aseme.

Mwizi wangu alikuwa amesimama mlangoni, hana viatu vya ncha, yuko pekupeku. Nilimngoja aulize pua itakuwa hivyo mpaka lini. Kila mtu ameuliza hilo.

Akasema, "Babu, viungo bado vinamuuma?"

Mimi niliyemlea tangu hajaota meno, sijamwuliza.

"Asubuhi vinambana," nikasema, maana niliijua ya kwangu. "Vikombe vinamshinda."

"Basi vikombe nitashika mimi. Ijumaa ni Ijumaa, mama."

Simwiti tena mwizi. Labda siku za sikukuu.

Jumatatu, 26 Mei

Hasina amekubali kurudi kumalizia singo, kwa sharti moja: nilimtukana barabarani, nilipe barabarani. Nimewekwa kwenye kigoda mbele ya nyumba, kanzu imekunjwa. Hasina, ambaye si halali kunigusa, alisimama na bakuli akiongoza, Asmahani akasugua.

"Shingoni, Asmahani. Hapo bado pana uongo."

"Hapa?"

"Hapohapo. Mimi nilipashindwa, labda wewe."

Walicheka wote wawili, kicheko kimoja. Kombo kinyozi kapiga picha. Beberu alinijia akaninusa, akanitambua kuwa ndugu.

Jioni godoro langu limerudishwa ndani.

Ijumaa, 30 Mei

Nimeozesha. Sauti ilinikatika kwenye jina la marehemu baba yake, watu wakadhani ni ukohozi, nami nikakohoa.

Asmahani alikuwa na poda tayari kufunika pua ya mwali. Tuhfa kakataa. "Babu kajionyesha mji mzima, mimi nifiche nini?" Akakaa kitini hivyo hivyo, hina mkononi, pua yake nyeusi katikati ya dhahabu, na Bi Wanu pembeni akimtazama kila anayetazama mpaka atazame kwingine.

Wakaniita kwenye picha. Nikainama sikioni kwake, nikauliza, "Viungo vinakuuma?"

"Kidogo, babu. Leo unaweza kunitania."

Nikafungua mdomo, na utani wote niliouweka tangu Aprili ukawa umeniishia. Nikamshika tu vile vidole vinavyombana. Hasina akapita na sinia la pilau, akapunguza mwendo, akatutupia macho, pua kwa pua.

"Badru," akasema, "nawa uso, watu wanapiga picha."